Baba na mdogo wangu hawasalimiani kwa ajili ya kikokotoo

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa Nyakato, Mwanza, nyumbani kwa wazazi. Nimekuja kulala siku mbili kwa sababu mama kaniita, na mama si mtu wa kuita ovyo.

Mimi ni mtoto wa kwanza, nina miaka 38, ni muuguzi. Kitinda mimba wetu ni wa kiume, ana miaka 31. Baba alistaafu Novemba 2024 baada ya kufundisha hisabati shule za msingi kwa miaka 35, na mfuko wake wa pensheni toka zamani ulikuwa PSPF. Ni mtu wa CCM, na si wa juzi: kadi yake anaitunza kwenye bahasha moja na vyeti vyetu vya ubatizo. Mdogo wangu ni wa upinzani tangu akiwa chuo. (Naye alisomea ualimu, akamaliza 2018, ajira haikupatikana, sasa anauza dagaa Kirumba Mwaloni.) Zamani walikuwa wanataniana tu. Baba alikuwa akimwita "mheshimiwa", na mdogo wangu akiingia ndani alikuwa anasalimia kwa kuuliza kama kuna posho. Tulikuwa tunacheka wote.

Mambo yaliharibika Jumapili ya mwisho ya Agosti. Tulikuwa tumetoka kanisani, mama kapika ugali na sato wa kuchemsha, runinga iko wazi, kampeni ndiyo zinaanza. Mtu mmoja akazungumzia wastaafu na kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao yao. Baba akasema, "Hii ndiyo serikali sikivu. Tulipewa mkupuo wa asilimia thelathini na tatu, tukasema, wakasikia, mimi nimetoka na arobaini." Mdogo wangu akajibu akiwa bado anatafuna, "Baba, mmepigwa. Mlikuwa na hamsini. Wamewanyang'anya, wamewarudishia kidogo, na mnapiga makofi."

Kutoka hapo ikaingia tozo ya miamala ya simu. Baba akasema tozo imejenga madarasa. Kutoka tozo wakaingia kwenye habari za lile daraja jipya la ziwani. Baba: "Leo ukienda Sengerema unapita wapi? Si juu ya maji?" Mdogo wangu: "Hilo daraja nimelijenga mimi kwa hela yangu ya kutuma na kutoa." Baba: "Chama hiki ndicho kimekusomesha." Mdogo wangu: "Nimesoma kwa mkopo ambao nadaiwa mpaka leo, na cheti kiko kabatini kwako." Mama alisema "jamani" mara mbili, hakuna aliyemsikia. Mwisho baba akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kama mimi ni wa kupigwa, basi usije tena kula hela ya mtu aliyepigwa." Mdogo wangu akanyanyuka. Baba alikuwa na tonge mkononi, ameshalikanda. Akalirudisha kwenye sahani, akaenda chumbani bila kunawa.

Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Kila Jumamosi mdogo wangu anatuma dagaa kwa bodaboda, kama alivyokuwa akileta mwenyewe. Mama anapokea. Baba hasemi kitu, ila zikipikwa anaomba maharage. Sasa stoo kuna viroba vitatu havijafunguliwa. Kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp wanarushiana video bila kutajana, mpaka mama mdogo wa Geita amejitoa.

Kuna jambo jingine, na nadhani ndilo lililomfanya mama aniite. Baba hajamwambia mama alilipwa kiasi gani. Mama alipouliza, alijibiwa, "Kamuulize mwanao, yeye ndiye anayejua hesabu za wastaafu." Na huko nje imeshavuma kwamba mzee kapata milioni mia. Wageni kutoka Magu na Kwimba hawakatiki, kila mmoja na shida yake. Ninachojua mimi ni kwamba mshahara wake wa mwisho ulikuwa kwenye milioni moja na laki mbili.

Na mimi mwenyewe Shangazi, nikiwasikiliza nakosa usingizi. Mimi pia nakatwa kila mwezi, na nitastaafu 2047. Mmoja akisema nchi inakwenda vizuri namwamini, mwingine akisema hatutakuta kitu namwamini pia.

Nipige marufuku siasa nyumbani? Nani kati yao yuko sahihi? Na mama nimsaidieje?

Mtoto wa Kwanza, Nyakato

Marahaba mwanangu. Mfikishie mama pole yangu, na umwambie amefanya vizuri kukuita kabla ya Krismasi, maana ugomvi wa namna hii ukivuka sikukuu moja hugeuka kuwa desturi ya nyumba.

Umeuliza nani yuko sahihi. Washauri wengi wangekukwepa hapo, wangekwambia cha muhimu ni upendo. Mimi nitakujibu, kwa sababu baba yako kafundisha hisabati miaka 35 na hastahili kubembelezwa kwa maneno. Chukua karatasi.

Hadi 2018 mtu wa PSPF kama yeye alikuwa anapigiwa hivi: mshahara wa mwaka, mara miezi ya utumishi, gawanya kwa 540. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Nusu yake ilizidishwa mara 15.5 akapewa kwa mkupuo, nusu nyingine ikagawanywa kwa miezi 12 akalipwa mpaka kufa. Mwaka huo mifuko minne, yaani PPF, PSPF, LAPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya ikaweka mkupuo kuwa asilimia 25 kwa wote. Watumishi walipiga kelele, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaisimamisha, akarudisha vikokotoo vya zamani kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 ikaja ya asilimia 33, ya kugawanya kwa 580 na kuzidisha mara 12.5. Juni 2024, kwenye bajeti, waliokuwa zamani wa asilimia 50 wakapandishwa kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa zamani wa 25 wakawekwa 35. Baba yako aliondoka Novemba mwaka huo, kwa hiyo 40 ni yake.

Sasa weka namba zake. Tuchukulie milioni 1.2 ndiyo wastani wa miaka yake mitatu bora, kwa mwaka ni milioni 14.4. Miaka 35 ni miezi 420. Zidisha, gawanya kwa 580, unapata 10,427,586. Asilimia 40 ya hiyo mara 12.5 ni shilingi 52,137,931. Huo ndiyo mkupuo. Asilimia 60 iliyobaki, gawanya kwa 12, ni 521,379 kila mwezi.

Milioni 52, mwanangu. Siyo mia. Mshahara wake ukiwa juu kidogo ya ulivyokumbuka namba zitapanda, lakini mia hazifiki. Wageni wa Magu wanakuja kuomba hela ambayo haikuwahi kuwepo, na baba yako anaona aibu kuwaambia hivyo, kwa sababu akisema ni 52 atakuwa amekiri mbele ya ukoo kwamba mwanawe alikuwa na hoja. Nafikiri hapo ndipo ulimi wake ulipofungwa, hata kwa mama.

Kwa kikokotoo cha zamani mshahara huohuo ungempa mkupuo wa milioni 86.8, na kwa mwezi 466,667. Amepungukiwa karibu milioni 35 mkononi, na kinachoongezeka kwa mwezi ni kama elfu 55. Elfu 55 hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 50 kufidia pengo. Kwa hiyo mdogo wako anaposema mafao yalishuka, anasema kweli, na baba asimkatalie. Na ile nyongeza kutoka 33 hadi 40, angalia ilivyo. Kwa 33 angepata mkupuo wa milioni 43 na pensheni ya 582,207. Kwa 40 ameongezewa milioni 9.1 leo, akapunguziwa elfu 60 na ushee kila mwezi. Gawanya hiyo milioni 9.1 kwa hiyo elfu 60 uone: ni miezi 150 kamili, miaka 12 na nusu. Ni pensheni yake mwenyewe imeletwa mbele. Kwa mtu mwenye nyumba ya kumalizia au deni la kulipa hiyo ni nafuu kubwa, nami nilifurahi iliposomwa. Lakini si zawadi ya mtu yeyote.

Usikimbilie kumpelekea mdogo wako karatasi hii kama kombe. Neno lake la "mmepigwa" lina upande ambao hakuuangalia.

Watumishi wa PSPF walianza kukatwa michango Julai 1999. Baba yako aliajiriwa 1989. Ile miaka kama kumi ya mwanzo hakuchangia, hakukuwa na utaratibu huo, ila inahesabiwa kwenye miezi yake 420, na ni haki yake kwa sababu alifundisha. Nani alipe? Deni hilo la kabla ya 1999 lilikaa miaka mingi likiutafuna mfuko, mpaka Serikali ikatoa hati fungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulibeba. Hati fungani hulipwa na Hazina. Hazina hujazwa na kodi. Hata baada ya 1999, kwenye kila mshahara mtumishi anachanga asilimia 5 na mwajiri asilimia 15, na mwajiri wa baba yako ni Serikali. Kwa mshahara wa milioni 1.2, yeye anatoa elfu 60, Hazina inatoa laki na elfu 80.

Hazina hiyo ni nani? Ni pamoja na kijana wa Mwaloni. Kila mche wa sabuni anaonunua una VAT ya asilimia 18 ndani yake. Mafuta ya lori linalobeba magunia yake yana kodi. Tozo ya miamala ilipoanza tarehe 15 Julai 2021 iliwabana kuliko wengine watu wa biashara kama yake, ambao hela inaingia na kutoka kwenye simu mara kumi kwa siku, na ilikuwa kali kiasi kwamba Septemba mwaka huohuo Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Daraja la Kigongo–Busisi hapo amekosea kidogo, lilianza kujengwa 2020 tozo ikiwa haijazaliwa. Lakini akisema ni hela yake imo, imo. Kilomita tatu za daraja juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025, zimejengwa na mwenye mshahara na asiye na mshahara.

Kwa hiyo baba yako analipwa pensheni ambayo sehemu yake inatoka kwa mwanawe. Wewe unayestaafu 2047 vilevile. Hakuna chama kitakachoshika nchi hii kikaikwepa hesabu hiyo. Kikitaka kurudisha 50 kitatakiwa kiseme hela itatoka mfuko gani. Kikitaka kubaki na 40 kitatakiwa kiwaeleze wastaafu milioni 35 zao zilizama wapi. Mabishano ya namna hiyo nayataka, tena nayataka mezani kwenu, kwenye daladala na vijiweni. Watu wakibishana hivyo nchi inapona.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Kuna sentensi umeiweka kwenye mabano. Umeandika kwamba mdogo wako naye alisomea ualimu, akamaliza 2018, ajira haikupatikana, ukafunga mabano ukaendelea na mambo ya posho na kucheka. Nimeisoma barua mara tatu na kila mara nakwama hapo.

Mtoto wa mwalimu kasoma ualimu. Alitaka kazi ya baba yake. Miaka saba anaamka saa kumi alfajiri kwenda kununua dagaa, na kila Jumapili anakaa mezani kusikiliza habari za kikokotoo, kitu ambacho yeye hatakuwa nacho. Asilimia 25, 33, 40, 50, zote kwake ni sifuri. Cheti chake kiko kabatini kwa baba, amesema mwenyewe, na hakuna hata mmoja wenu aliyesimama kwenye sentensi hiyo siku ile. Na baba naye, mzee wa watu, alipoambiwa "mmepigwa" hakusikia siasa. Alisikia mwanawe akimwambia kwamba miaka 35 ya chaki iliishia kwenye kudanganywa.

Na hilo neno "mmepigwa", lisikilize vizuri. Hakusema "baba umepunjwa". Angesema hivyo, baba angeweza kujibu "ni kweli mwanangu, nimepunjwa", na wangekula. Alisema mme-, mli-, mna-. Ndani ya sentensi tatu baba akaacha kuwa baba, akawa umati wa mkutano wa hadhara. Naye baba akajibu kwa "chama hiki ndicho kimekusomesha", wakati aliyekuwa anakosa fulana mpya ili ada itimie ni yeye, si chama. Kila mmoja alimwondoa mwenzake mezani akaweka bendera kwenye kiti chake.

Kwa hiyo siasa usipige marufuku. Ukiifukuza ndani itaenda kwenye lile kundi la WhatsApp, na umeshaona inavyofanya kule. Omba kitu kidogo tu: mezani kwenu mtu aitwe kwa umoja. Baba, wewe. Mwanangu, wewe. Mtaona wenyewe kwamba maneno mengine hayatamkiki ukishaondoa wingi.

Anza na mdogo wako, na usimwendee Jumapili. Nenda Mwaloni siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi ya dagaa haitoki kwa sababu taa hazina kazi kwenye mwanga wa mwezi. Siku hizo ana nafasi. Katikati ya giza hatakusikiliza, ana magunia ya kupima na wateja wa Kongo wanamsubiri. Kaa naye kwenye banda lake, usiguse habari za baba kabisa. Muulize kuhusu ualimu. Muulize alivyokuwa anajiona akiwa mwaka wa mwisho. Kisha nyamaza, na ukimya ukiwa mrefu uuache uwe mrefu. Wewe ni dada yake mkubwa na ni muuguzi, unajua namna ya kukaa na mtu anayeumwa.

Siku nyingine, siyo hiyo, mweleze kwamba mfuko wa NSSF unapokea waliojiajiri, na kwamba mtu akifikisha michango ya miezi 180 ana haki ya pensheni atakapofika umri wa kustaafu. Akianza sasa, miezi 180 ni miaka 15, atakuwa na 46. Anaweza kukukatalia. Kijana aliyenyimwa ajira si rahisi kumwambia aweke hela yake kwa taasisi. Usimlazimishe, lakini ajue mlango upo.

Kwa baba nenda na ile karatasi. Usimuulize alilipwa ngapi, hilo ni swali la wageni wa Magu. Mwambie, "Baba, nimejaribu kupiga hesabu ya kikokotoo, naomba unisahihishie." Peleka na kalamu nyekundu. Naamini atavaa miwani. Akikuta mahali umekosea, atakusahihisha, na kwa kukusahihisha atakuwa amekuambia namba yake ya kweli bila kuulizwa. Mama awepo jikoni, mlango wazi.

Niseme habari ya mama kwa urefu kidogo, kwa sababu hili nimelipitia. Marehemu mume wangu alitoka kazini na kiinua mgongo, na mimi sikujua ni kiasi gani. Niliona fahari kutouliza, nikidhani ndiyo heshima. Alinunua gari la abiria, likawa linakwenda Igoma na kurudi. Mwezi wa 14 lilikuwa limesimama uani Pasiansi kwa kukosa injini, kuku wanalala kwenye viti vya nyuma. Halikuniuma lile gari. Kilichoniuma ni kwamba alipougua nilianza kutafuta karatasi chini ya godoro, kwenye mifuko ya makoti, kwenye Biblia, sijui ana akaunti ngapi, sijui nani anamdai, huku yeye hawezi tena kuzungumza. Niliweka mkono kwenye mfuko wa koti lake la kazini nikakuta risiti ya vipuri ya siku chache kabla hajalazwa. Alikuwa bado anajaribu kulifufua, peke yake, bila kuniambia.

Ndiyo maana nataka mama aambiwe mambo machache, na uyasimamie wewe. Namba ya pensheni ya baba iko wapi. Akaunti ni ipi. Nani ameandikwa kuwa mtegemezi kwenye mfuko, na kama majina yamebadilika tangu fomu ya kwanza. Mama atapata nini baba akitangulia. Waende pamoja ofisi ya mfuko wakaulize, wote wawili wasikie kwa masikio yao. Hela iliyobaki ya mkupuo isiguswe kwa miezi michache. Wanaojua kwamba mzee amestaafu ni wengi: wa viwanja visivyo na hati, wa biashara za kuzaa mara mbili kwa mwezi, na ndugu wa kweli wenye shida za kweli, ambao hao ndio wagumu kuwakatalia. Baba akishamwambia mama kiasi, atakuwa na mtu wa kumsingizia: "Ngoja nishauriane na mwenzangu." Wageni watapungua.

Kuna uhakiki wa wastaafu wa kila mwaka, siku hizi unaweza kufanyika kwa simu janja. Macho ya baba yako nadhani si yale ya kusahihisha madaftari kwa koroboi, na vidole vya watu wa umri wetu vinahangaika kwenye vioo hivyo. Kazi hiyo usiifanye wewe, hata kama unaiweza. Mwambie mama amwagize kitinda mimba. Asiitwe kuomba msamaha, aitwe kumsaidia baba simu. Atalazimika kukaa naye bega kwa bega, kumshikia simu usawa wa uso, kumwambia "baba geuka kidogo, baba kope, baba tazama hapa". Msamaha ukija utajileta wenyewe. Ukichelewa, angalau pensheni haitasimama.

Kuhusu usingizi wako. Hujaeleza umetumikia miaka mingapi, lakini omba taarifa ya michango yako mwezi huu, uone kama kila mwezi umeingia. Kuna watumishi hugundua pengo wakiwa na miaka 59. Hilo unaweza kulirekebisha leo, mwaka wa 2047 hauwezi kuurekebisha. Mengine yatategemea nani anachaguliwa na sheria gani inapita, na kwa hayo una kura yako, una chama cha wafanyakazi, na una mdomo. Kelele za watumishi zilisimamisha kikokotoo cha 2018, na kelele zilipunguza tozo. Mdogo wako anapopaza sauti anafanya kazi hiyohiyo, ila alikosea pa kuipazia. Baba anapoiamini nchi yake naye simcheki. Alianza kazi kwenye darasa la udongo, leo anapita ziwani kwa gari.

Na vile viroba vitatu vya dagaa vilivyoko stoo, mwambie mama avitoe leo, vuli imekaribia na dagaa waliofungwa hushika ukungu. Waanikwe uani, juu ya wavu, mahali baba anapoweka kiti chake jioni.

Shangazi